Pazia la Glenda kwenye Kioo cha Mbele

Watu wa kuwalaumu Clive Ogden alikuwa nao tele hata kabla ya mambo ya gari. Serikali aliilaumu kwa bei ya gesi. Baraza la mji alililaumu kwa mashimo ya barabarani, na kwa chumvi ya kuyeyushia barafu ambayo kila mwaka humwagwa kwanza kwenye mitaa ya wenye nazo. Wakubwa wa hospitali aliwalaumu kwa kumzungusha mke wake Glenda, nenda rudi, nenda rudi, mpaka ugonjwa ukajifanya mwenyeji. Hata kampuni ya maziwa iliyomtumikisha ujana wake wote, akipeleka chupa milangoni mwa watu kabla hawajaamka, nayo aliilaumu kwa jambo fulani ambalo mwenyewe alikuwa ameshalisahau. Jambo lilipotea, lawama ikabaki.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Januari, alipoteremka ngazi za jengo lao la fleti pale Oldham na kukuta kifuko cha njano kimechomekwa kwenye mpini wa mlango wa gari lake, hakushangaa. Alisema tu, "Haya, wameanza."

Karatasi iliyokuwa ndani ilieleza kwamba gari limeegeshwa bila kibali kinachoonekana, hivyo mwenye gari anadaiwa pauni mia moja, au sitini akilipa upesi. Kibali alikuwa nacho. Kilikuwa pale pale ndani ya kioo cha mbele, kimebandikwa na Clive mwenyewe kwa selotepu na matusi. Ila juu ya kioo kulikuwa na pazia la Glenda.

Katika vilima vile, mtu anayelaza gari nje wakati wa baridi huamka akakuta kioo kimegeuka cheupe kama kilichopakwa unga. Wapo wanaokwangua jalidi hiyo, umande ulioganda, huku wakilia na vidole. Wapo wanaomwagia maji ya moto, kioo kikapasuka, wakaenda kuilaumu bima. Wengi hutupia boksi lililokunjuliwa au taulo kuukuu kabla ya kulala. Glenda hakutaka boksi. Alisema gari lenye boksi usoni linafanana na mtu aliyelala stesheni. Alichukua pazia lao la zamani la chumbani, la maua ya rangi ya chungwa, akalikata kwa kipimo cha kioo, akalitia bitana, akashonea nati nzito kwenye pindo lisipeperuke. Kulia na kushoto aliliachia masikio mawili marefu, ya kubanwa na milango ili upepo usiondoke nalo.

Walikuwa wakishuka pamoja kila jioni ya baridi. Yeye upande huu, Glenda upande ule, wanalitandaza, wanaingiza masikio ndani, milango inafungwa kwa mpigo mmoja, pa! Halafu Glenda anasema, "Duka limefungwa," na wanapanda kunywa chai.

Sasa ilikuwa baridi ya tatu Clive akilifunga peke yake. Hubana sikio la kulia, huzunguka, na akifika kushoto hukuta la kulia limeshateleza, hurudi, goti linamlaumu njia nzima. Likikaa sawa, hutazama madirisha kama kuna anayemwona, kisha husema kwa sauti ya chini kwamba duka limefungwa. Hakukuwa na kitu kingine alichofanya kutwa nzima ambacho bado kilikuwa cha watu wawili.

Jirani yake wa chini, Nasreen Mirza, mpishi wa shule ya msingi ya jirani, ndiye aliyemsomea karatasi ile hadi mwisho. Clive kusoma alijua, lakini barua za wakubwa zilifanya herufi zimchezee machoni. Shule aliiacha mapema na haikumfuata. Nasreen alisoma akiwa na aproni yake, kijiko mkononi.

"Kwanza, jirani, hii si faini," alisema. "Faini anatoza polisi au baraza. Hii ni bili tu yenye makelele."

"Bili ya nini? Nimekula nini kwao?"

"Umekula nafasi yako mwenyewe."

Clive alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Habari yenyewe waliijua wote. Tangu tramu ya kwenda Manchester ianze kujaa, watu wa mbali walikuwa wakija kuacha magari yao kwenye uwanja wa jengo na kwenda kazini, wenyeji wakakosa pa kuegesha. Ofisi inayosimamia jengo ikaajiri kampuni ya maegesho, kila fleti ikapewa kibali kimoja, na vibao vikasimikwa vyenye maandishi madogo kuliko mchwa. Watu wa tramu walihama baada ya wiki. Kampuni ikabaki, na kampuni nayo inataka kula.

Nasreen alimwandikia rufaa kwa simu yake, Clive akisimama nyuma ya kiti na kusema maneno ambayo Nasreen hakuyaandika. Majibu yalirudi baada ya siku chache na picha zake: gari la Clive kutoka mbele, kutoka pembeni, maua ya chungwa yakiwaka katikati ya weupe wote ule. Rufaa imekataliwa. Kibali lazima kionekane wakati wote, na mkaguzi haruhusiwi kugusa gari la mtu. Chini yake ofisi ya jengo ilikuwa imeongeza neno lake: kuanzia mwezi ujao ni marufuku kufunika gari kwa kitu chochote. Mwenye pingamizi aje Alhamisi kwenye ukumbi mdogo wa chini, aseme na meneja, Bibi Pritchard.

Pesa Clive angelipa. Angelipa kwa kununa, angekula maharage na mkate mwezi mzima na kumweleza kila mtu kwa nini, lakini angelipa. Ila lile la marufuku lilimkaa kifuani. Alilala akiliona pazia limekunjwa kabatini pamoja na makoti ya Glenda, nalo limekuwa nguo ya marehemu kama nguo nyingine zote.

Jumatano aliamka kabla ya kuku, kama alivyozoea tangu enzi za maziwa. Alitaka kumwona huyo mpiga picha usoni. Alijaza chupa ya chai, akafunga mkate wa kukaanga kwenye karatasi ya fedha, akateremka, akaingia garini kupitia mlango wa nyuma, pazia likiwa bado limetanda kioo kizima. Ndani kulikuwa na giza na kulinuka mbwa, ingawa mbwa mwenyewe alikufa kabla ya Glenda. Akajifunika blanketi, akangoja.

Hakungoja sana. Alisikia viatu vikivunja barafu, kisha sauti ambayo hakuitegemea: krr, krr, krr. Kimya. Hatua mbili tatu. Krr, krr, krr. Sauti ilikuja gari kwa gari, ikakaribia, na mtu akakohoa pale pale karibu na bega lake.

Clive akafungua mlango. Mtu wa nje aliruka nyuma, akateleza, akakaa chini kwa matako, kadi ya benki ikamtoka mkononi na kuserereka mpaka chini ya gari la Nasreen.

Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na kitu, kizibao cha kung'aa kimevaliwa juu ya jaketi mbili, pua nyekundu.

"Mzee wangu," alisema akiwa bado chini, "unataka kuniua?"

"Nilikuwa natafakari," alisema Clive. "Unafanya nini kwenye magari ya watu?"

Lakini alikuwa ameshaona. Kwenye kila kioo cheupe cha uwanja ule, upande wa chini kushoto, palikuwa na kidirisha kidogo kilichokwanguliwa, upana wa kiganja, na nyuma yake kibali kikichungulia. Nasreen alikuwa akilalamika wiki nzima kuhusu vidirisha hivyo, akidhani ni watoto wa ghorofa ya tatu.

"Nilidhani hamruhusiwi kugusa," alisema Clive.

"Haturuhusiwi."

"Na hivyo vidirisha?"

Kijana alijinyanyua, akajipangusa, akatazama barabarani kama kuna gari linakuja. Kisha akasema taratibu kwamba ile ni barafu, barafu si gari.

"Na pazia ni gari?"

Kijana alifikiri. Ilionekana kwamba ni swali ambalo hakuwa ameulizwa, na lilimpendeza kidogo. "Hapana," alisema. "Pazia nalo si gari. Hapo umenipata."

Clive alikuwa amejiandalia matusi ya kutosha kumfikisha mchana, lakini mtu aliyeanguka mbele yako na kukubali kosa ni vigumu kumtukana ipasavyo. Alimpa chai kwenye kifuniko cha chupa. Kijana akajitambulisha kuwa ni Leighton, akaishika chai kwa mikono miwili, na maneno yakamtoka. Amri ya kampuni ni kwamba kibali kisipoonekana, piga picha, toza. Asubuhi ya jalidi hakuna kibali hata kimoja kinachoonekana. Wenzake wanatoza uwanja mzima na kurudi na kifua mbele. Yeye hakuweza, alikua kwenye jengo kama hili, mama yake alilia jikoni kwa kifuko cha njano kama hicho hicho. Ndiyo maana anakwangua kwanza, kwa ile kadi ya benki. Wakijua ofisini kwamba anakwangua, hana kazi.

"Na langu mbona hukulihurumia?"

"Lako nimelipita siku nyingi, mzee. Siku ile msimamizi wangu alinileta. Alikaa kwenye gari na hita yake, mimi nikawa nakwangua huku nimempa mgongo. Lakini maua yale, ningeyaficha wapi? Yanaonekana mpaka Manchester."

Wiki nzima Clive alikuwa amemlaani mtu huyu bila hata kulijua jina lake, kumbe ndiye peke yake katika safu yote ya wakubwa na wadogo aliyekuwa akiwapunguzia watu. Hilo lilimkera. Ukishampanga mtu upande wa maadui ni kazi kumhamisha.

"Kwa nini usingelifunua tu pembe?"

"Umelibana mlangoni. Na limeshonwa vizuri mno. Niliogopa kulichana."

Clive alimwangalia kama kuna mzaha. Hapakuwa na mzaha. Akamkatia kipande cha mkate.

Nasreen aliposimuliwa alipiga meza kwa furaha. Hiyo ndiyo kesi, alisema. Nenda kesho, mwambie huyo mama kwamba mkaguzi wao anagusa vioo vya watu kila siku, kwa hiyo angeweza kugusa na pazia. Hawana pa kutokea. Clive alisema hivyo ndivyo atakavyofanya. Usiku alijizoeza mbele ya birika, na kila alipofika kwenye neno "anakwangua" aliona ile mikono miwili imeshika kifuniko cha chai.

Alhamisi ilianza bila jalidi lakini na mbingu nzito, imeshuka mpaka kwenye mabomba ya mapaa. Bibi Pritchard alifika na gari dogo jekundu, akaliegesha kwenye nafasi ya wageni, akaweka kibali chake kwenye dashibodi, akaingia ukumbini na faili. Hakuwa mkali. Hilo Clive alilichukia zaidi. Mkali unajua pa kumshika. Wakazi sita saba walikaa kwenye viti vya plastiki. Nasreen alikaa mbele, akimkonyeza Clive kila mara aendelee.

Bibi Pritchard alimwomba aeleze. Clive akasimama, kofia mkononi. Alisema wakubwa wamezoea kukaa kwenye hita na kutunga amri kuhusu baridi. Alisema baraza halimwagi chumvi. Bibi Pritchard akamwambia kwa upole kwamba yeye si baraza. Clive akasema anajua, wote wanakula meza moja. Watu wakacheka, naye akapoteza uzi.

"Kibali kilikuwepo," alisema mwishowe. "Chini ya pazia. Mkaguzi angeweza..."

Nasreen alitikisa kichwa kumhimiza. Nje ya dirisha theluji ilikuwa imeanza, vipande vipana, vya taratibu.

"Angeweza nini, Bwana Ogden?"

Clive aliangalia kofia yake. "Hakuna. Mkaguzi alifanya kazi yake. Pazia alilishona mke wangu. Ndiyo hayo tu."

Nasreen alifumba macho kama mtu aliyeona sahani ikianguka. Bibi Pritchard alisema anaelewa, na kweli alionekana anaelewa, lakini amri ni moja kwa wote. Akianza kupokea mapazia ya watu atapokea na mashuka. Bili ilipwe ile ndogo, na pazia liondolewe kuanzia mwezi ujao. Akafunga faili. Kikao kilichukua muda kuliko alivyopanga kwa sababu mtu wa ghorofa ya juu alikuwa na la kusema kuhusu mapipa ya taka, kisha akawa na la kusema tena.

Walipotoka, uwanja wote ulikuwa mweupe. Gari jekundu halikuwa jekundu tena. Mbele yake alisimama Leighton, kamera mkononi, theluji mabegani, akilipiga picha kutoka mbele. Akahama, akapiga kutoka pembeni.

"Samahani, mama," alisema kwa adabu kubwa. "Hili gari ni lako?"

"Ni langu. Mimi ndiye meneja wa jengo hili."

"Nashukuru kukufahamu. Halionyeshi kibali."

"Kibali kipo hapo, chini ya theluji."

"Sikatai, mama. Ila nisipokiona, natakiwa nitoze."

"Basi pangusa kidogo utakiona."

Leighton alirudisha mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa keki. "Haturuhusiwi kugusa gari la mtu. Mmeandika wenyewe."

"Lakini hujaambiwa uguse gari," alisema Bibi Pritchard, na sauti yake ikapanda kidogo kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Hii ni theluji tu."

Mtu wa mapipa alijikohoza. Clive, aliyekuwa nyuma ya wote, akavaa kofia yake.

"Na langu lilikuwa pazia tu," alisema.

Hakulisema kwa ushindi. Alilisema kama anavyomwambia mtu kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Bibi Pritchard aligeuka, akamtazama, akamtazama Leighton, akalitazama gari lake. Kisha akafanya jambo ambalo Clive hakulitarajia kwa mtu wa ofisini: akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mpaka ikambidi ashike kioo cha pembeni. Akavuta mkono wa koti lake mpaka kwenye vidole, akapangusa pale chini kushoto, kidirisha upana wa kiganja. Kibali kikachungulia.

"Umeridhika?" alimwuliza Leighton.

"Kabisa, mama. Siku njema."

Bibi Pritchard alisimama hapo hapo kwenye theluji akapiga simu ofisini kwake. Bili ya Bwana Ogden iondolewe. Lile la marufuku lifutwe, liandikwe upya: vifuniko vya baridi ruksa, mradi vifunuke kwa urahisi, na mkaguzi anaruhusiwa kufunua na kupangusa. Mtu wa upande wa pili inaonekana aliuliza kupangusa kwa nini, maana Bibi Pritchard alijibu kwa ukali kwamba aje Oldham aone. Leighton wakati huo alikuwa amewapa mgongo, anakagua kwa makini gari lisilo na tatizo lolote. Alipopita karibu na Clive alisema bila kugeuza kichwa, "Hukunitaja, mzee. Nilikuwa dirishani." Clive akamwambia kesho aje na kikombe chake.

Mchana Nasreen alilichukua pazia. Alimsema kwanza, hadi akachoka: kesi mkononi, ameitupa, kama si theluji wangekuwa wanalia sasa. Kisha akashonea utepe mwekundu kwenye pembe ya chini kushoto, kitanzi cha kutosha kidole chenye glavu, na hapo akaachia sehemu isiyo na nati ili ifunuke bila kufungua mlango. Clive aliukagua mshono kwa muda mrefu. Alisema unapita. Nasreen akasema kutoka kwake hiyo ni shahada ya chuo.

Jioni baridi ilishika tena. Clive alishuka, akatandaza pazia, akabana sikio la kulia, akaanza safari yake ya kuzunguka gari. Alipofika kushoto alikuta Nasreen ameshalishika sikio la pili, amevaa koti juu ya aproni, anahema mvuke.

"Nenda kule," alimwambia. "Utazunguka mpaka Jumapili."

Clive akarudi upande wake. Milango ikafungwa kwa mpigo mmoja, pa!

"Duka limefungwa," alisema, kabla hajakumbuka kutazama madirisha.

"Duka gani?"

"La Glenda."

Nasreen aliyatazama yale maua, akatikisa kichwa polepole kama anayekubali bei. Alisema ana supu ya dengu jikoni, na kama atakuja, aje bila habari za baraza. Clive alisema atakuja. Walipokuwa wakiipanda ile njia ya barafu, wameshikana viwiko wasianguke, alikuwa ameshaanza kumweleza habari ya chumvi.